Vidudu vya Mwalimu

Ukiingia kwa Mwalimu na simu mkononi, ulionyeshwa kikapu kwanza, kiti baadaye. Kilikuwa kikapu cha kawaida cha kubebea mayai, kimetundikwa msumarini nyuma ya mlango, na kila mgeni alitia simu yake humo kabla ya kuketi, awe mchungaji, awe chifu, awe mimi. Simu zikilia humo, yeye hakugeuza hata shingo. "Ziache ziongee zenyewe," alisema, "sisi tuna yetu." Na mwanamke huyo huyo ndiye aliyetapakaza vijikompyuta kwenye maghala, mabanda ya ng'ombe na majiko ya kwetu Chekalini, mpaka watu wakasema ukipiga chafya kwako, Mwalimu anapata habari.

Alinifundisha fizikia sekondari, nikafeli vizuri sana, na miaka mingi baadaye tukawa majirani. Alikuwa amestaafu na kurudi kwenye shamba lake la mahindi, linalopakana na la mama yangu. Mimi nina duka la mbegu na dawa za mifugo Kakamega mjini, na karibu kila Jumamosi napanda Chekalini, huko Lugari, kumwona mama. Ndivyo nilivyoanza upya kuwa mwanafunzi wake, safari hii bila mtihani. Sikuwahi kumwita kwa jina lake. Hata mama yangu, ambaye ni rika lake, alimwita Mwalimu, na walipogombana alimwita "huyo Mwalimu".

Namwandika kwa sababu mwishoni watu walimzungumzia kwa jambo moja tu: je, ataachwa aendelee kukaa peke yake katika nyumba yake, au binti yake atakuja kumchukua ampeleke Nairobi? Kwake yeye hilo halikuwa suala dogo. Nyumba ile aliijenga yeye na marehemu mumewe, mume akazikwa kando yake chini ya mipaipai, na alisema waziwazi kuwa hatoki humo ila amebebwa. Lakini mtu hawezi kuwa swali moja tu, na Mwalimu alikuwa mengi.

Mikono yake, kwa mfano. Ilikuwa mikubwa, ya mtu anayepalilia mwenyewe, na vidoleni ilijaa alama ndogondogo za kuungua. Alitengeneza vyombo vyake juu ya meza ya kulia, na kitambaa cha meza kilitobokatoboka kwa risasi iliyoyeyushwa aliyounganishia nyaya. Kila chombo alikifungia kwenye kikopo tupu cha mafuta ya kujipaka, akatia betri na laini ya simu, akaziba kwa nta. Vilinukia mafuta ya watoto. Mama yangu alipokiona cha kwanza kimetambaa na waya wake kwenye boriti ya banda la ng'ombe, alisema, "Ondoa hicho kidudu chako hapa." Basi jina likashika, hata Mwalimu mwenyewe akalikubali.

Ndoto yake aliwahi kunieleza tukila, ameshika tonge la obusuma, ugali wetu, mkononi, naye akisahau kulitia mdomoni.

"Nyinyi mnafikirianga kompyuta ni kioo cha kutazama," alisema. "Hiyo ni kompyuta changa. Inalialia itazamwe, kama mtoto. Ikikomaa itanyamaza. Itakuwa ndani ya gunia, ndani ya mlango, ndani ya bomba la maji, na wewe utaendelea na shughuli zako. Kifaa kizuri ni kile unachosahau kama kipo."

"Na nikisahau kama kipo," nikamuuliza, "nitajuaje kinamwambia nani mambo yangu?"

Akalirudisha tonge sahanini. Nilidhani nimemkera. Kumbe alikuwa amefurahi. "Hilo swali ungeniuliza ukiwa kidato cha pili," alisema, "ningekupitisha." Na kweli, tangu siku hiyo alijiwekea masharti, akayatangaza kwa kila aliyetaka kidudu. Vidudu vyake havitaona wala kusikia. Vitapapasa tu: joto, unyevu, uzito, kitu kimefunguliwa au kimefungwa. Na mwenye nyumba akichoka nacho, anaking'oa mwenyewe bila kumuuliza mtu. Vijana wa boda boda walimletea kamera ndogo wakidhani itamsaidia. Akaitazama, akaisifu ilivyoundwa, akawarudishia. "Hii itaona shemeji yenu akioga," alisema. "Mpelekeni mwenye duka la vito akaitumie."

Msimu wa kwanza alivipeleka maghalani. Sisi tunaishi kwa mahindi, na gunia likihifadhiwa lina unyevu linashika ukungu, linapata sumu, na jasho la mwaka mzima linamwagwa shimoni. Wazee hupima kwa kuuma punje. Wengine hutikisa punje pamoja na chumvi ndani ya chupa kavu, chumvi ikiganda kwenye chupa wanajua bado. Mwalimu alisema hizo ni njia nzuri, ila zinapima siku moja, na gunia linaharibika siku ambayo hujalipima. Kidudu kingekaa humo daima na kutuma ujumbe joto likianza kupanda.

Ujumbe ukawa unakuja kila kukicha: mahindi salama. Halafu Baba Nekesa, jirani wetu wa ng'ambo ya mtaro, akafungua ghala lake akakuta magunia ya chini yamekuwa meusi. Nilikuwepo Mwalimu alipokwenda kuangalia. Kidudu alikikuta kwenye gunia la juu kabisa, karibu na mlango, kavu kuliko yote.

"Kwa nini ulikiweka hapa, Baba Nekesa?"

"Sasa Mwalimu," akajibu mzee wa watu, kama anayeulizwa jambo la wazi, "mkaguzi akikuja, unamuonyeshanga gunia gani? Si ile mzuri?"

Ikabainika kuwa karibu kila mtu alifanya hivyo hivyo. Tumezoea mnunuzi anayekuja na chuma chake cha kudunga gunia, na tangu utotoni tumefunzwa gunia zuri linakaa mbele. Hata mama yangu, ambaye alidai hivyo vidudu ni upuzi mtupu, alikuwa amekipa chake mahindi yaliyochambuliwa. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Nilidhani nimewaletea kipimo," alisema, "kumbe nimewaletea mkaguzi!" Kisha akaacha kucheka, akakunja mikono ya sweta, akakaa chini na Baba Nekesa kuchambua yaliyosalia. Alirudi kesho yake na keshokutwa. Sikumsikia hata mara moja akimwambia kwamba alikosea. Mtu mwingine mwenye elimu yake angewaita washamba, lakini yeye alisema aliyefeli ni yule aliyejua waya akasahau watu.

Shida hazikuishia hapo. Panya walipenda nta. Kuku walipenda joto la betri, na kuna tembe mmoja aliyeatamia kidudu kwa imani kubwa. Siku za mechi betri zilihama kutoka magunia kwenda kwenye redio. Mvua ikinyesha mtandao ulikuwa unapotea, kisha unarudi na ujumbe wote kwa pamoja, wa jana na wa juzi, na watu wanakimbilia maghala yasiyo na tatizo. Mwalimu aliyapokea yote hayo kwa hasira ya dakika chache, akitukana mtandao kwa Kiluhya na panya kwa Kiingereza, halafu anarudi mezani kuunda kingine.

Kuna mwanamume mmoja aliyekuwa akifanya kazi Mumias na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Alikuja kwa Mwalimu na ingokho, kuku wawili wanene, akaongea sana juu ya mvua, juu ya bei ya mbolea, juu ya afya. Mwishowe akasema anataka kidudu cha langoni.

"Cha nini?"

"Tu nijue lango ikifunguliwa, Mwalimu. Na saa ngapi."

"Wezi?"

"Si wezi hasa." Akatazama viatu vyake. "Mke wangu anatembeatembeanga."

Mwalimu alinyanyuka, akafungua mlango, akamkabidhi kuku wake mmoja kila mkono. "Mpelekee mkeo hawa," alisema. "Kisha umuulize kwa mdomo anaendanga wapi. Mdomo hauhitaji betri." Mtu huyo akapita katikati ya soko na kuku wake, na kwa kuwa kila mtu alimwona akienda nao na kurudi nao, siri ikawa si siri tena. Nilimhurumia kidogo. Mwalimu hakumhurumia hata chembe.

Maana alikuwa na ukali wake, na siwezi kumpamba hapa akawa malaika. Hakujua kuomba radhi. Alisahihisha watu hadharani, hata matangani. Tulipokuwa tunamzika mzee mmoja, kipaza sauti kilipiga makelele kila chifu alipofungua kinywa. Mwalimu akatoka kwenye hema la akina mama, akaenda mpaka mbele, akamhamisha chifu pamoja na kipaza sauti chake, akamsimamisha nyuma ya spika, halafu akawaeleza waombolezaji kwa nini sauti ikijisikia yenyewe inapiga kelele. Somo lilikuwa fupi na zuri. Mjane mwenyewe alicheka katikati ya machozi, na baadaye akasema hilo ndilo jambo pekee analolikumbuka la siku ile.

Na alipokosea, dawa yake ilikuwa miguu. Baada ya mahindi, alianza kuwawekea vidudu wazee wanaoishi peke yao: kimoja mlangoni, kingine jikoni, ili asubuhi jirani apate ujumbe kwamba fulani ameamka. Tuliona ni jambo zuri sana. Mama yangu peke yake alinuna. Siku moja alimfuata hadi shambani, akasimama kwenye tuta.

"Mwalimu, tangu uweke hizi vitu zako, hakuna mtu anaendanga kuamkia wazee. Nikiuliza, wananiambia kidudu kimesema ako sawa. Sasa mzee ataongea na kidudu?"

Mwalimu aliendelea kupalilia kana kwamba hakusikia. Mama akarudi nyumbani akifoka. Lakini kesho yake alfajiri tulimwona Mwalimu na gambuti zake akipita nyumba hadi nyumba, akibisha hodi, akiuliza watu wameamkaje. Akaendelea hivyo mwaka mzima na ushei, mvua na jua. Hakumwambia mama kwamba amesema kweli, na mama hakumdai. Walinywa chai pamoja, yakaisha. Nampenda kwa hilo kuliko kwa vidudu vyake vyote.

Sasa nirudi kwenye lile swali. Mwalimu alianza kusahau. Mwanzoni tulilichukulia kuwa uzee wa kawaida: miwani, ufunguo, siku ya chama cha akina mama. Halafu akaja kwetu kumuulizia marehemu baba yangu, ambaye yeye mwenyewe alikuwepo tukimzika. Binti yake, mtoto wake wa pekee, anafanya kazi Nairobi. Alikuja, wakazozana siku nzima, mimi na mama tukajifanya tunachuma mboga karibu na ua. Mwishowe wakaafikiana. Mwalimu atabaki nyumbani kwake, lakini ataviweka vidudu katika nyumba yake mwenyewe, na ujumbe uende moja kwa moja kwa binti. Siku vitakapoonyesha kwamba hali si nzuri, atahama bila ubishi. Alivitengeneza mwenyewe kwa mikono yake, na vilikuwa bora kuliko vyote alivyowahi kutuundia: mlango wa nyuma, kiti chake cha mkono, birika la chai. Nadhani alijua ndivyo vya mwisho.

Miezi ikapita, na binti alipompigia mama yangu simu, sauti yake ilikuwa na utulivu. Anaamka mapema, alisema. Anakaa kitini mwake. Anachemsha chai. Sisi nasi tukatulia. Mama mwenyewe, pamoja na maneno yake yote, miguu ilikuwa imemvimba na hakuvuka tena kwenda kule kila siku. Msichana wa jirani alimpelekea Mwalimu chakula cha mchana, akakiacha mezani na kukimbilia mambo yake.

Jumamosi moja asubuhi nilimpelekea maziwa. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Nilikuwa karibu kubisha hodi nilipomwona, nikaahirisha. Alitoka chumbani amevaa gauni lake la kulalia. Akaenda mlango wa nyuma, akaufungua, akaufunga. Akaja kwenye kiti chake, akakaa kwa kishindo, akatulia kidogo, akanyanyuka. Akaingia jikoni, akafunua kifuniko cha birika, akakirudisha. Kisha akasimama katikati ya sebule, mikono imening'inia, kama mtu aliyemaliza kazi na hajui aende wapi.

"Hodi, Mwalimu."

Alishtuka. "Karibu, mama," aliniita, kama wazee wa kwetu wanavyowaita wasichana. "Ulikuwa hapo?"

"Nimefika sasa hivi. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nawasalimia." Akaonyesha mlango, kiti, jikoni. "Hawa nikiwasalimia, wanamwambia msichana wangu niko sawa."

Nikaingia jikoni. Birika lilikuwa tupu, kavu kabisa. Jikoni majivu yalikuwa ya zamani, yamelowa mvua iliyopenya dirishani. Sahani ya jana ilikuwa mezani imefunikwa, chakula hakikuguswa.

"Umekula, Mwalimu?"

Akafikiri. Alifikiri kwa bidii, kama vile tulivyokuwa tukifikiri mbele yake ubaoni. "Nimekula," alisema. Halafu: "Ama hiyo ilikuwa lini?" Mwanamke huyu alikuwa na kichwa ambacho sijaona mfano wake, na sasa alikuwa akikitumia chote, kila asubuhi, kukumbuka mambo matatu tu ya kugusa.

Alinishika mkono. "Usimwambie. Atanichukua."

Nilikuwa bado nimeshikwa hivyo, simu ndogo aliyoachiwa na binti yake ikalia mfukoni mwa gauni lake. Kwa vile masikio yake yalikuwa mazito, sauti ya simu ilikuwa juu, nikasikia kila neno.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, mwanangu."

"Umeamka vizuri?"

"Nimeamka."

"Naona umeshafunua birika. Chai ilikuwa tamu?"

Mwalimu alinitazama. Sikutikisa kichwa wala sikukonyeza. Nilitaka kuondoka nikashindwa, maana alikuwa hajaniachia mkono.

"Sijakunywa chai," alisema. "Nafunua tu kifuniko. Nafanyanga hivyo kila siku ili usinichukue."

Nikadhani mtandao umepotea. Kisha sauti ikarudi, nyembamba, ya mtoto anayejizuia.

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Linafunuliwa, lakini halipati moto. Ni siku nyingi sasa. Kila asubuhi naona, na kila asubuhi nakupigia nikuulize, halafu nashindwa. Niliogopa kuwa mimi ndiye wa kulisema."

"Nani alikuambia halipati moto?"

"Si kidudu chako, mama? Kinapima joto. Ulikiunda hivyo mwenyewe."

Mwalimu akashusha simu kifuani. Akanitazama, kisha akatazama jikoni, na uso wake ukafunguka kama nilivyouona zamani maabarani, siku ambazo jaribio lilikubali mbele ya darasa zima.

"Kumbe kinafanya kazi!" aliniambia, na alikuwa na furaha ya kweli, huku machozi yakimtiririka.

Akairudisha simu sikioni.

"Hata hilo nilikuwa nimelisahau," alimwambia binti yake. "Njoo, mwanangu. Njoo unichukue."